Jumamosi ya Kuhesabiwa

Usiku huo Monicah Nyatichi hakulala. Simu aliiweka juu ya kopo la unga, mahali pekee ndani ya nyumba ambapo mtandao haukatikikatiki, na kila alipopita aliiinamia kama anayemchungulia mtoto mgonjwa. Hakuwa na kazi ya kumpitisha hapo. Vyombo vilikuwa vimeoshwa, na maharagwe ya kesho alikuwa ameyachagua mara mbili. Alikuwa anapita tu.

"Mama, keti," Trizah, binti yake, alisema kutoka kitandani. "Ukiitazama hivyo, hata ikitaka kulia itaona haya."

"Alisema atapiga saa mbili."

"Sasa ni saa tano. Amelala huyo."

"Filister hawezi kulala kabla hajaniambia."

Trizah aligeukia ukutani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa nguo kule Homa Bay mjini, na alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili kuja kuingoja habari hiyo pamoja na mama yake. Alasiri hiyo, kwenye ofisi ya chifu kule Darajani, majina ya watakaopewa vibanda katika soko jipya yalikuwa yamesomwa. Vibanda vilikuwa ishirini na vinne. Kimoja, kama mambo yangekwenda yalivyopangwa, kilikuwa cha Nyatichi, ingawa jina lake halingesomwa. Lingesomwa la rafiki yake Filister, na Filister angemkabidhi.

Nyatichi hakwenda kusikiliza mwenyewe kwa sababu Filister alimkataza. "Tukionekana wawili wataanza kuuliza maswali," alimwambia. "Wewe kaa. Mimi nitakupigia."

Jogoo wa jirani aliwika mara ya kwanza, simu ikiwa bado imenyamaza. Nyatichi aliipiga namba ya Filister. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mara hii sauti ya mashine ikamwambia mteja hapatikani, na Nyatichi akaelewa kwamba kule upande wa pili mtu alikuwa ameishika simu mkononi, akaitazama, akaizima.

*

Nyatichi alifika Wath Orango mwaka wa mvua ile kubwa iliyong'oa madaraja nchi nzima. Alikuwa bibi arusi mwenye begi moja na blanketi. Mumewe, Angwenyi, alikuwa dalali wa ndizi, na ndizi ndizo zilizomleta huku chini Nyatike, mbali na vilima vya Kisii walikozaliwa wote wawili. Kwa Kijaluo, wath ni mahali pa kuvukia mto. Orango alikuwa mzee wa zamani aliyekuwa na mtumbwi hapo, na hakuna aliyekumbuka lingine juu yake.

Mto wenyewe ni Kuja. Nyatichi aliujua tangu utotoni, kwa maana unatoka kwao. Huko juu ulikuwa mto wa kufulia nguo, msichana angeweza kuuvuka akiwa ameshika viatu mkononi. Ukifika Nyatike umekuwa mtu mwingine, mpana, mzito, wa rangi ya chai ya maziwa, na hauna haraka na mtu. Barabara ya murram, ya changarawe nyekundu, iliufuata kutoka milimani hadi Wath Orango, halafu ikaishia majini. Ng'ambo ilianza nyingine, ya kwenda vijiji vya ziwani.

Hapo barabara ilipoishia ndipo riziki ya watu wote wa kivuko ilipoanzia. Lori la ndizi lilikuwa halina budi kusimama. Likisimama, vijana walishusha mikungu, wakaibeba hadi mtumbwini. Mtumbwi ulirudi na magunia ya omena, dagaa wa ziwani, na samaki wakavu, nayo yakapakiwa kwenye lori lile lile. Kazi hiyo ilichukua nusu siku, na katika nusu siku dereva atataka chai, wabebaji watataka ugali, abiria anayengoja zamu atataka sabuni, kiberiti, mahali pa kukaa kivulini. Wachimba dhahabu wa Macalder nao walishuka na vumbi lao jekundu kununua chakula, kwa sababu Wath Orango ndipo chakula kilipokuwa. Serikali iliita hali hiyo kikwazo. Watu wa hapo waliita soko.

Nyatichi alifungua hoteli: mabati, meza tatu, mabenchi sita. Chai, chapati, maharagwe, na nyuma, chumba cha kuivishia ndizi. Jirani yake alikuwa Filister, mjane wa mvuvi, mzaliwa wa Sindo aliyeolewa hapo, muuzaji wa omena mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo. Filister alikuwa na meza tu chini ya turubai. Alimwita Nyatichi "nyar Kisii", binti wa Kisii, mpaka Trizah alipozaliwa. Tangu siku hiyo akamwita Min Trizah, mama wa Trizah, na yeye Nyatichi akamwita Min Obare, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Siku bora za biashara zilikuwa siku za mafuriko. Dada yake Nyatichi, Nyakerario, alikuwa bado anaishi huko juu karibu na Ogembo, na simu zilipokuja alikuwa akimpigia. "Kwetu imenyesha tangu saa saba," angesema, basi, kisha angekata ili kuhifadhi salio. Nyatichi angehesabu saa kwa vidole, kisha angekanda unga mara mbili ya siku zote. Kabla ya mapambazuko maji yalikuwa yamefika, mitumbwi imefungwa, malori manne matano yamepanga foleni, na madereva wanashuka na njaa wakikuta chapati ziko tayari. Wenye mitumbwi walidhani anaota. Hakuwaambia.

Angwenyi alikufa Trizah akiwa darasa la nane. Hoteli ndiyo iliyomzika kwa heshima, na ndiyo iliyomnunulia Trizah cherehani.

*

Habari ya daraja ilikuja na afisa mmoja mwenye ramani ndefu. Aliitandika juu ya meza ya hoteli ya Nyatichi, akaikandamiza pembe kwa vikombe vyake. Barabara ya lami ingefuata mto kutoka milimani hadi ziwani bila kukatika. Ndizi zingefika Sori zikiwa bado na utomvu, samaki wangefika Kisii wakiwa bado kwenye barafu. Bonde zima litafunguka, alisema. Nyatichi alipiga makofi pamoja na wengine na akampa afisa chapati ya bure.

Yote aliyosema yalitimia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba hapakuwa na uongo wa kumshikia mtu. Lami ilikuja, ndizi zilifika na utomvu wao. Ila daraja lilijengwa kilomita nne juu ya kivuko, mahali ambapo kingo za mto ni mwamba, na malori hayakusimama tena kwa lazima. Yaliposimama, yalisimama huko. Katika miaka miwili, mahali palipokuwa na mashamba ya mtama na mbuzi wawili palipata kituo cha petroli, maduka ya mbolea, ofisi tatu za kununua dhahabu, ghala la barafu, na jina: Darajani. Kiwanja ambacho mwenyewe alikuwa tayari kukibadilisha na ng'ombe hakikugusika tena kwa bei.

Na Wath Orango ikakauka bila maji kupungua. Mitumbwi iligeuzwa kifudifudi na kuku wakataga chini yake. Nyatichi aliyekuwa akijaza chupa sita za chai kabla ya saa moja, sasa alijaza moja, akaimaliza mwenyewe.

Ndipo serikali ilipotangaza soko jipya la Darajani, vibanda ishirini na vinne vya matofali vyenye milango ya chuma, kwa ajili ya watu wa kivuko waliopoteza riziki. Sharti lilikuwa moja: makarani watapita kuhesabu, na biashara itakayokutwa wazi, mwenyewe yupo na kitambulisho chake, ndiyo itakayoandikwa. Walisema watakuja Alhamisi.

Nyatichi alikaa hotelini Alhamisi kuanzia alfajiri, kitambulisho kwenye mfuko wa aproni. Ijumaa vilevile. Mvua ilikuwa imekata njia ya kutoka Migori na makarani hawakuonekana. Ijumaa jua lilipoinama, alifanya alichofanya kila Ijumaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Alizima jiko, akafunga mlango kwa kufuli, na akampelekea Filister ufunguo.

Huo ulikuwa utaratibu wao. Soko kubwa la Wath Orango lilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo Sabato ya Nyatichi. Hakuuza, hakununua, hakutaja bei. Filister, ambaye ni Mkatoliki, aliusogeza mzigo wake barazani kwa Nyatichi siku hiyo apate kivuli, magunia akayaweka ndani, jioni akafagia na kurudisha ufunguo jua likishatua.

"Wewe na Mungu wako," Filister alipenda kumtania, "katika siku saba zote mmechagua kupumzika siku ya soko. Aliyewashauri ni nani?"

"Na nyinyi mnaopumzika Jumapili, samaki wenu huoza Jumatatu."

"Omena haiozi, Min Trizah. Hunuka tu."

*

Makarani walikuja Jumamosi. Waliona heri waje siku ambayo kila mtu hupatikana.

Kanisa liko juu ya kilima kidogo, na Nyatichi alikuwa ameketi benchi la dirishani. Aliwaona wakishuka kwenye gari, watatu, wamevaa vizibao vya kung'aa, wameshika mbao za kuandikia. Mzee wa kanisa, Mogire, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kivukoni, alikuwa mbele anaongoza somo. Nyatichi aliangalia makarani wakianza meza ya kwanza. Alijua idadi ya hatua kutoka mlango wa kanisa hadi hotelini, kwa kuwa alizitembea na mumewe mkono kwa mkono kila juma. Angeweza kuinuka. Angeweza kusema anakwenda haja, akashuka, akasimama mlangoni pake, akaonyesha kitambulisho, akarudi kabla ya wimbo wa mwisho.

Wanawake wawili walifuata macho yake dirishani, wakamtazama yeye. Akafungua kitabu cha nyimbo. Watarudi kesho, alijiambia. Kazi ya serikali haiishi siku moja.

Iliisha siku hiyo hiyo, saa saba na nusu.

Jioni, jua likishatua, Filister alikuja na ufunguo na uso wa mtu aliyebeba sufuria ya moto.

"Usikasirike kabla hujanisikia," alisema, akaketi bila kukaribishwa. "Walifika kwako wakakuta kufuli, nilikuwa nimefungia magunia ndani. Yule karani, Mniko, kijana wa Kikuria hivi, mrefu, akaandika 'imefungwa'. Nikasema subiri. Nikafungua kwa ufunguo wako. Nikasema mwenyewe yuko kanisani, anaitwa Monicah Nyatichi. Akasema, mama, mimi naandika aliye mbele yangu na kitambulisho mkononi. Nikafanya nini? Nikampa changu."

"Na meza yako?"

"Mke wa Obare alikuwa amekaa hapo chini ya turubai. Akatoa chake." Filister alimshika goti. "Yangu iko kwa jina la mkamwana wangu, yako iko kwa jina langu. Siku wakitoa, yeye ananirudishia mimi, mimi nakurudishia wewe. Ni kama tumehesabiwa sote."

Nyatichi alilia, na ilikuwa shukrani. Alimpikia Filister chai na kumkaangia mayai mawili.

Lakini alikuwa mwanamke wa kuangalia mambo mara mbili. Karatasi ilipobandikwa kusema mwenye malalamiko ayalete ndani ya siku kumi na nne, alivaa viatu vya kanisani aende Darajani akaeleze ukweli. Filister alimkuta njiani.

"Unaenda kusema nini?"

"Kwamba hoteli ni yangu. Watu wote wanajua."

"Na wakiuliza kwa nini mimi nilisema ni yangu? Watafuta yako, watafuta na ya mke wa Obare, watasema sisi ni wezi. Mimi nitauza wapi basi, Min Trizah, kaburini kwa mume wangu? Ngoja. Mimi na wewe tuna mambo ya karatasi tangu lini?"

Nyatichi akarudi nyumbani. Siku kumi na nne zikapita huku akizihesabu.

Miezi mitatu iliyofuata aliona vitu vidogo. Filister aliyezoea kusema "kibanda chako" alianza kusema "kile kibanda". Mkamwana wake alipita hotelini na marafiki zake wakiongea juu ya rangi ya kupaka ukuta, akamsalimu Nyatichi kwa heshima iliyozidi kidogo. Ijumaa moja Filister hakuja kuchukua ufunguo, akasema omena imepungua. Nyatichi aliyaona yote na hakuuliza. Aliogopa kwamba swali lenyewe litaleta jibu.

*

Asubuhi, baada ya usiku ule wa simu isiyolia, alitembea kilomita nne hadi Darajani. Trizah alitaka kwenda naye. "Mathe, huyo mama atakuzungusha. Acha niongee mimi." Nyatichi alimwambia abaki, kwa sababu Trizah alikuwa na ulimi wa baba yake.

Orodha ilikuwa imebandikwa ukutani kwa ofisi ya chifu, ikiwa na mstari wa namba, jina, na tarehe ya kuhesabiwa. Alisoma polepole, kidole kikitembea. Namba tisa, Filister. Namba kumi, mke wa Obare. Kidole kilirudi juu bila yeye kukituma, kikasimama kwenye namba tatu: Mogire. Tarehe za watu wote zilikuwa Jumamosi ile. Ya Mogire ilikuwa Ijumaa.

"Monicah, amani iwe kwako," sauti ilisema nyuma yake. Mogire mwenyewe, amevaa kofia mpya. "Nimeumia kutokuona jina lako. Lakini ulisimama imara siku ile. Mungu aliuona uaminifu wako."

"Mimi aliniona Jumamosi," Nyatichi alisema. "Wewe alikuona Ijumaa."

Mogire alitazama orodha, akatazama viatu vyake. Alisema kwamba alikutana na karani kwa bahati tu, mjini Migori, alikofika kwa pikipiki kwa kuzungukia mbali, akaulizwa jina, akalisema. Nyatichi alimsikiliza hadi mwisho. Ijumaa ile, kabla jua halijatua, mtu huyu alikwisha kujua kwamba gari litakuja Jumamosi. Na Jumamosi akasimama mbele yao na kuwafundisha subira.

Mniko alikuwa ndani, na sanduku la funguo juu ya meza, kila ufunguo umefungwa kikaratasi. Alimsikiliza Nyatichi bila kumkata. Alikuwa kijana mpole, hilo Nyatichi alilikubali hata baadaye.

"Mama, nakuamini," alisema. "Hata ile siku yule mama alitaja jina lako, nakumbuka. Lakini karatasi yangu ina mtu mmoja tu."

"Sasa nifanye nini, mwanangu?"

"Funguo tunatoa leo saa sita mchana. Mwenye jina akija hapa pamoja na wewe kabla ya hapo, akasema mwenyewe kwamba kibanda ni chako, nafuta hapa na kuandika jina lako. Dakika mbili. Saa sita ikipita anaweka sahihi, na kimekuwa mali yake. Hapo hata mimi siwezi."

"Akija tu?"

"Akija tu."

Ilikuwa saa nne na robo. Nyatichi, ambaye hakupenda pikipiki, alipanda pikipiki.

Walipita juu ya daraja dogo la kijito, kisha wakashika njia ya zamani ya murram kurudi kivukoni. Walipokuwa bado kwenye lami, lori la ndizi lilikuwa limewapita likielekea darajani, na juu ya mikungu kulikuwa na mtu amelala fofofo, kofia usoni. Zamani huyo angekuwa mezani kwake akidai maharagwe yaongezwe supu. Sasa angezinduka Sori. Nyatichi hakumchukia. Alifikiri tu kwamba mali yote ile ilikuwa ikiteremka na mto kama siku zote, na kupanda na mto kama siku zote, na ilikuwa nyingi kuliko zamani, na kumbe kilichokuwa kimemlisha yeye ni ule muda iliosimama.

*

Uwanja wa Filister ulikuwa umefagiliwa. Nyavu za kuanikia omena zilikuwa zimekunjwa ukutani. Nyumba ya mwanawe ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na Nyatichi akajua mkamwana amekwisha kwenda Darajani kungoja funguo. Nyumba ya Filister haikuwa na kufuli. Ndala zake zilikuwa kizingitini, moja juu ya nyingine, kama zilivyovuliwa kwa haraka.

"Hodi, Min Obare."

Akabisha kwa vidole.

"Hodi. Ni mimi."

Alingoja. Akasogea karibu, akaweka kiganja kwenye mbao. Ndani kitanda kililia kidogo, kama mtu anayehamisha uzito kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Filister, ndala zako ziko hapa nje."

"Basi umeshinda," sauti ilisema kutoka ndani. Haikuwa na kicheko chochote. "Ulikuwa polisi tangu zamani."

"Nimetoka kwa Mniko. Amesema ukija na mimi kabla ya saa sita, anafuta jina na kuandika langu. Dakika mbili tu. Hakuna atakayeitwa mwizi. Anakumbuka hata ulivyonitaja."

Nyatichi akaendelea, haraka haraka. "Pikipiki iko hapo barabarani, inatungoja. Utapanda mbele yangu. Tukirudi nakupikia."

"Min Trizah." Sauti ilikuwa karibu zaidi sasa, upande wa pili wa mbao zile zile. "Mke wa Obare amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kunirudishia. Jana usiku. Amesema jina ni lake, kitambulisho ni chake, yeye ndiye aliyekaa mezani siku ile. Obare amenyamaza, anatazama ukuta. Mwanangu niliyemzaa." Pumzi yake ilisikika. "Ile meza ndiyo iliyowalea. Leo ni yake. Nikikupa hiki cha namba tisa, mimi nabaki nini? Nianze kumwomba mkamwana pesa ya chumvi?"

Nyatichi aliushusha mkono kutoka mlangoni. Alikuwa amekuja na maneno ya kumshinda mwizi, na mwizi hakuwemo ndani.

"Tutauza wote wawili humo," alisema hatimaye. "Wewe omena mbele, mimi chai nyuma. Kama Jumamosi zote. Lakini jina liwe langu, Filister. Nina Trizah."

"Na kikiwa cha jina lako, siku Trizah akitaka kukitumia atanitoa."

"Hatakutoa."

"Hata mke wa Obare alisema hivyo. Alipiga magoti akasema."

Mwenye pikipiki alipiga honi barabarani, mara moja, kwa adabu. Jua lilikuwa limeshafika juu ya paa la nyumba ya Obare. Nyatichi aliinamisha paji la uso mpaka likagusa mlango.

"Nifungulie," alisema. "Kama ni hapana, nifungulie uniambie usoni. Zaidi ya miaka ishirini nakuachia ufunguo wangu. Hilo tu nakuomba."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nikikuona nitakupa."

"Basi nifungulie."

Alisikia vidole vikigusa chuma kwa ndani, vikapapasa kama vya mtu gizani, vikatulia. Akashusha pumzi, akasogea hatua moja nyuma kuuachia mlango nafasi, kwa maana ulifungukia nje. Hata mkono aliunyanyua kidogo, tayari kumshika.

Komeo likasukumwa. Likaingia lote kwenye mwimo, taratibu, mpaka mwisho wake.